Nyumba Njema si Mlango: Kujenga Kilimani Songea

Wengi wetu tukisikia maneno "nyumba ya kifahari" tunaona ghorofa, nguzo nene mbele, vigae vinavyong'aa na geti la chuma lenye maua. Lakini wapo wenzetu hapa Songea ambao wameanza kuitafuta fahari mahali pengine. Wanatafuta kiwanja cha mteremko, ambapo mtu akifungua dirisha asubuhi anaona vilima vya Matogoro vikitoka polepole kwenye ukungu. Wanataka nyumba yenye mwanga mwingi, yenye mawe, tofali na mbao za kwetu, na yenye picha na vinyago ukutani badala ya maua ya plastiki.

Hayo ni mawazo mazuri. Nyumba ya kilimani hupata hewa safi, haituami maji kama ya bondeni, na macho yaliyochoka hupata pa kupumzikia. Hata hivyo, kilima kina masharti yake, na asiyeyajua hulipa mara mbili. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kawaida methali hiyo husemwa juu ya watu. Mwezi huu tuitumie juu ya nyumba yenyewe.

Sisi ambao kazi yetu ni uuguzi, na ambao siku za mapumziko tunakwenda na wenzetu wa kanisani kuwatazama wagonjwa na wazazi waliojifungua, huingia katika nyumba za watu kuanzia mlango wa mbele hadi chumba cha mwisho. Tunaona sebule yenye madirisha mapana, mapazia mazito na makochi ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakalia. Kisha tunapelekwa kwa mgonjwa, chumba cha nyuma, upande ulioegemea mlima. Dirisha lake ni dogo na linatazama ukuta wa udongo. Chini ya ukuta rangi imebanduka kwa unyevu, na taa inawaka saa nne asubuhi.

Na ni nani hulala katika chumba hicho? Ni watoto. Ni bibi aliyeletwa kutoka kijijini ili atibiwe. Ni dada wa kazi. Mgeni anayekaa saa mbili amepewa mwanga wote, na wenye nyumba wanaolala humo miaka yote wamepewa giza.

Ndiyo maana tunasema: katika nyumba ya kilimani, fedha ya kwanza iende kwenye mambo yasiyobadilika. Mambo hayo ni matatu: namna nyumba inavyokaa kwenye mteremko, njia ya maji, na mahali pa madirisha. Vigae, dari ya jipsamu na makochi vinaweza kusubiri hata miaka mitano. Dirisha lililowekwa pasipofaa halingoji. Litamfuata mtoto mpaka siku atakapoondoka nyumbani.

MLIMA UNA TABIA YAKE

Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga wanaijua miteremko kuliko wengi wetu. Kwa zaidi ya miaka 100 wamelima milima mikali kwa ngoro. Hulaza nyasi kwa mistari inayokatizana, huzifunika kwa udongo, na katikati ya matuta hubaki mashimo yanayopokea mvua. Maji hayapewi nafasi ya kukimbia, na mlima haukosi udongo wake. Mwenye kujenga akijifunza kwao, swali lake la kwanza halitakuwa "sebule ikae wapi?" Atauliza, "maji yatapita wapi?"

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na zikinyesha, hunyesha kweli. Kiwanja cha mteremko kinapokea maji yake na ya jirani wa juu. Yasipochimbiwa mfereji juu ya nyumba ili yageuzwe pembeni, yatajichagulia njia, na mara nyingi njia hiyo hupita chini ya msingi.

Wengi huanza kwa kuukata mlima mpaka upatikane uwanja mmoja mkubwa wa tambarare. Upande wa juu hubaki ukuta mrefu wa udongo, na upande wa chini hujazwa udongo ule uliochimbwa. Hapo kuna hatari mbili. Ukuta wa juu unaweza kuporomoka mvua ikiushiba. Udongo wa kujaza nao hutitia polepole, na nyumba iliyosimama nusu juu ya udongo wa asili na nusu juu ya udongo wa kujaza hupasuka katikati.

Njia iliyo nafuu ni kuifanya nyumba iufuate mlima. Iwe ndefu na nyembamba, ilale sambamba na mteremko, na ikilazimu sakafu iwe ya ngazi mbili, sebule chini kidogo na vyumba vya kulala juu kidogo, kukiwa na vipandio vitatu au vinne katikati. Uchimbaji unapungua, na kila chumba kinapata ukuta wa nje wa kuweka dirisha.

Palipo na ukuta wa kuzuia udongo, uwe na matundu ya kutolea maji, na nyuma yake pajazwe kokoto. Maji yakikosa pa kutokea huusukuma ukuta mpaka ulale. Ukuta ukizidi kifua cha mtu mzima usimwachie fundi peke yake, mtafuteni mhandisi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga upya.

Msikate miti yote kwa ajili ya kuona mbali. Mto Ruvuma, ambao mkoa wetu umepewa jina lake, unaanzia milima ya Matogoro, na miti ya milimani ndiyo inayolisha chemchemi zetu. Chagueni matawi machache ya kupunguza ili mandhari yaonekane, na kingo zilizokatwa zipandwe nyasi zenye mizizi mirefu kabla ya mvua za kwanza.

Shimo la maji taka liwe upande wa chini wa nyumba, na umbali usiopungua mita 30 kutoka kisima chochote. Hapo mkumbukeni na jirani wa bondeni. Maji machafu ya juu yakipenya udongoni hushuka, na anayeteka maji ya kisima huko chini ni mama mwenzetu.

JUA LETU LINAPITA WAPI

Songea iko kiasi cha nyuzi 10 na nusu kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo karibu miezi minane ya mwaka, tangu mwishoni mwa Februari hadi Oktoba, jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita juu ya vichwa vyetu, likielemea kusini kidogo tu. Ujuzi huu haununuliwi, nao una thamani kuliko vioo vya rangi.

Tuangalie maana yake. Juni na Julai baridi ya Songea huuma, na miezi hiyohiyo ndiyo jua limeinama zaidi upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata joto la bure wakati linapohitajika. Desemba na Januari jua linapokuwa juu kabisa, upenu wa paa unatosha kulizuia. Basi kuta ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zitazame mashariki na magharibi.

Mashariki ni kuzuri kwa jiko na kwa chumba cha watoto, kwa kuwa jua la asubuhi hukausha unyevu wa usiku bila kuchoma. Magharibi ni kugumu. Jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni huingia likiwa limelala, hupasha ukuta moto, na chumba kinabaki na joto mpaka usiku. Kama mteremko wenu unatazama magharibi na mandhari yote iko huko, usifungue ukuta mzima kwa vioo. Jengeni baraza pana lenye paa upande huo, mkae hapo jioni, na madirisha yake yawe ya kiasi.

Upenu uwe mpana, sentimita 60 hadi 90. Unazuia jua kali, na zaidi ya hapo unazuia mvua isiupige ukuta. Mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta unapendeza kwenye picha, lakini kwa mvua za huku ni kualika maji ndani. Nyumba yenye kofia fupi huzeeka haraka.

CHUMBA CHA NYUMA

Turudi kwenye kile chumba cha nyuma, kwa sababu hapo ndipo afya ya nyumba inapopimwa.

Ukuta wa nyumba usiguse mlima hata kidogo. Acheni njia ya mita moja na nusu au zaidi kati ya nyumba na udongo uliokatwa, isakafiwe, na iwe na mfereji wa kuondoa maji. Njia hiyo humezwa na upepo, ukuta hukauka, na dirisha la nyuma hupata mwanga wa juu. Mahali ambapo mlima umekaribia sana, dirisha liinuliwe karibu na lenta ili lichungulie anga na si udongo. Kuta za njia hiyo zikipakwa chokaa nyeupe, zitarudisha mwanga ndani. Chini ya tofali za kwanza, juu ya msingi, pawekwe karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu usipande. Ni kitu cha bei ndogo ambacho hakiwezi kuwekwa baada ya ukuta kuinuka.

Kwa nini tunasisitiza? Ukuta wenye unyevu huota ukungu, na ukungu huamsha pumu na kikohozi kwa watoto. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri kwa hewa, na katika chumba kilichofungwa hubaki hewani kwa muda mrefu. Hewa inapoingia dirisha moja na kutokea jingine, vijidudu hupungua. Hata Florence Nightingale, ambaye sisi wauguzi tunamhesabu kama mama wa kazi yetu, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba hewa safi na mwanga ni miongoni mwa mahitaji ya kwanza ya mgonjwa. Hospitali nyingi za zamani zilijengwa kwa madirisha marefu pande mbili kwa sababu hiyo.

Kipimo rahisi ni hiki: eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12, kwa hiyo dirisha lisipungue mita za mraba 1.2. Na liwe dirisha linalofunguka. Madirisha mengi ya vioo vya kuteleza hufunguka nusu tu, hivyo lihesabuni nusu. Palipo na uwezekano, kila chumba kiwe na madirisha kwenye kuta mbili, na yote yawekewe wavu wa mbu. Malaria bado iko nasi, na mama hatafungua dirisha jioni kama kila akifungua mbu wanaingia.

Jambo jingine la kilimani ni ngazi. Kipandio kisizidi sentimita 17 kwenda juu, na vipandio vyote vilingane, maana mguu hukumbuka kipimo cha kwanza. Mama mjamzito mwenye ndoo, au bibi mwenye magoti mabovu, anaangushwa na kipandio kimoja kilichozidi. Wekeni mhimili wa kushika, na nafasi kati ya fito za kizuizi cha baraza isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

JIKO LA MAMA

Katika ramani nyingi jiko huwa la mwisho kukumbukwa, na hutupwa nyuma kabisa, mahali pa giza. Huko ndiko mama na binti zake wanakotumia saa nyingi kuliko mtu yeyote anavyokaa sebuleni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Hao wengi walivutia moshi huo jikoni.

Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini hata mwenye jiko la gesi bado huhitaji hewa, na wengi wetu tutaendelea kuchemsha maharage kwa mkaa au kuni kwa sababu ya gharama. Basi jiko lipewe ukuta wa mashariki, dirisha juu ya mahali pa kuoshea vyombo, dirisha jingine ng'ambo yake, na bomba la kutolea moshi linalopita juu ya paa. Mkaa usiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi ya Julai iwe kali namna gani. Hewa yake huua bila harufu.

UDONGO, MAWE NA MBAO

Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Kituo chao kilichomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, wakajenga tena, na anayekwenda Peramiho leo huona majengo makubwa ya tofali za kuchoma ambayo bado yanatumika. Tofali nzuri ya udongo wetu haihitaji kuonewa haya. Ikipangwa vizuri na viungo vikasafishwa, haihitaji hata plasta wala rangi, na mwanga wa jioni ukiigusa, ukuta mzima hubadilika rangi.

Gharama yake iliyofichika ni kuni. Tanuri la tofali humeza miti mingi, na miti hiyo hutoka katika misitu ileile inayotunza maji yetu. Kuna njia nyingine: tofali za kufungamana, za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi, humwagiliwa maji kwa siku kadhaa mpaka zikomae, na kwa kuwa zinashikana zenyewe hupunguza saruji ya kujengea. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezifundisha kwa miaka mingi. Udongo wenu upimwe kwanza, maana si kila udongo unafaa.

Mawe yanayotoka wakati wa kuchimba kiwanja yasitupwe. Yanatosha kwa msingi, kwa ukuta wa kuzuia udongo na kwa vipandio vya bustani. Mbao za mninga na mkongo ni ngumu na mchwa huziogopa, lakini zimekuwa adimu, na zikatumike pale mkono unapogusa kila siku: milango, fremu na mhimili wa ngazi. Kenchi za paa zinaweza kuwa za mbao za kupandwa zilizotiwa dawa. Nunueni mbao zenye vibali, ili fahari yenu isiwe msitu ulioibwa.

Vifaa vya asili vina masharti. Kule Djenné, nchini Mali, upo msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907. Watu wa mji huupaka udongo mpya kila mwaka, vijana kwa wazee, na ndiyo maana umesimama. Ukuta wa asili humtaka mwenyewe arudi kwake. Asiyetaka kazi ya kupaka mafuta mbao zake na kuziba nyufa ndogo kila kiangazi, achague vifaa vingine.

Vifaa pia hutoa kipimo. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina vyumba vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuwa ndefu zaidi ya hapo. Mafundi wa pwani hawakulilia urefu wa boriti. Walivifanya vyumba kuwa virefu, wakaacha kiwanda katikati ya nyumba ili mwanga ushuke kutoka juu, wakapaka kuta chokaa laini inayorudisha nuru. Leo watu wanavuka bahari kwenda kuzitazama nyumba hizo.

SANAA NI YA WALIOMO NDANI

Mama mmoja anaweza kusema, "Sanaa ni ya wazungu na matajiri." Sivyo. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, katika mkoa wetu huuhuu wa Ruvuma. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na alipoanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na leo chui, tausi na samaki wake wako katika nyumba za watu duniani kote. Sanaa hiyo ilianza na mabaki ya ujenzi. Ni ajabu kwamba katika nyumba nyingi za Ruvuma ukutani kuna kalenda ya duka la vifaa vya magari.

Jirani wetu mwingine ni Mmakonde, na mpingo wake. Kinyago cha ujamaa kinaonyesha watu waliobebana, wazee chini na vijana juu yao, wote wametoka katika gogo moja. Familia gani isingependa kitu kama hicho karibu na meza ya chakula?

Kuna nyumba moja Kenya ambayo wanaojenga kwa ajili ya sanaa hupenda kuitaja. Inaitwa African Heritage House, nayo inatazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Aliyeijenga ni Alan Donovan, Mmarekani aliyefariki mwaka 2021, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, kuanzisha duka na jumba la sanaa la Afrika jijini Nairobi. Umbo la nyumba limetokana na majengo ya udongo ya Afrika Magharibi, na ndani kuna vyumba vinavyokumbusha pwani yetu. Humo vitambaa, vyungu, vinyago na shanga vimepewa ukuta na mwanga wake. Sisi hatuna uwezo wa Donovan, lakini tunaweza kuiga jambo moja: ukuta ulipangwa kwa kufikiri nini kitakaa hapo.

Na hilo ni rahisi fundi akiambiwa mapema. Nyumba za pwani zina zidaka, yaani vishubaka vilivyoachwa ndani ya unene wa ukuta. Ukuta wa tofali uliojengwa kwa unene wa tofali nzima unaweza kuachiwa zidaka mbili au tatu bila gharama ya maana, mradi ziwe mbali na pembe za nyumba na juu yake pawe na lenta ndogo. Baada ya plasta kukauka, kutengeneza zidaka ni kubomoa.

Mwanga nao una adabu yake. Picha isipigwe na jua moja kwa moja, rangi itapauka. Itundikwe kwenye ukuta ulio pembeni mwa dirisha. Kinyago cha mpingo ni cheusi, kinataka ukuta mweupe na mwanga wa kando ili mikunjo yake ionekane. Mkeka na ungo mkubwa vinapendeza barazani. Na msisahau ubao wa michoro ya watoto, kwa kimo chao. Mtoto anayeona mchoro wake umetundikwa hujua kwamba nyumba hii ni yake.

JINA LA MAMA LIWEPO

Tuseme na jambo ambalo wengi huona haya kulisema. Nyumba nyingi hujengwa kwa miaka mingi kwa fedha za wawili: mume analeta mshahara, mama analeta faida ya kuku, ushonaji na mchezo wa kina mama. Lakini karatasi za kiwanja zina jina moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwanandoa mmoja hawezi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaruhusu mume na mke kumiliki kwa pamoja. Ni vema majina yote mawili yaandikwe tangu mwanzo, wakati kuna amani na kicheko, kuliko kutafutana mbele ya wakili wakati wa msiba.

Tena jina la mama liwepo hata katika ramani. Mchoraji akija, mama aketi. Yeye ndiye anayejua mtoto analalia wapi akiugua, nguo zinaanikwa wapi mwezi wa Februari, na mzigo wa kuni unapita mlango gani.

KABLA YA KUMWITA FUNDI

Pandeni kwenye kiwanja chenu pamoja, baba na mama, mara tatu: asubuhi, alasiri, na siku ya mvua kubwa. Tazameni jua linapotoka na linapotua. Tazameni maji yanavyoshuka na yanapokimbilia. Mara nyingi siku moja ya mvua inafundisha kuliko mwezi wa mazungumzo.

Kisha chukueni ramani na muulizane maswali haya, moja moja:

Kwanza, chumba chenye giza kuliko vyote ni kipi, na atalala nani humo? Kama jibu ni mtoto, mzee au dada wa kazi, rudisheni ramani kwa mchoraji.

Pili, mvua ikinyesha usiku mzima, maji ya juu yatageuzwa wapi, na maji ya paa yataingia tangi gani? Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hutoa maji yanayokaribia lita 1,000. Kwa mama anayeishi kilimani, hizo ni safari nyingi za ndoo.

Tatu, ni vyumba vingapi vina madirisha kwenye kuta mbili?

Nne, fedha zikiisha katikati, ni nini kitasubiri? Andikeni orodha. Msingi, lenta, paa lenye upenu, mifereji na madirisha visiwe katika orodha hiyo. Vigae, dari, geti na makochi viwemo.

Tano, kibali cha ujenzi kutoka Manispaa kimepatikana kabla ya jembe la kwanza?

Haba na haba hujaza kibaba. Familia inaweza kuhamia katika nyumba yenye sakafu ya saruji tupu na kuta zisizo na rangi, ikaishi humo kwa afya, na kila mwaka ikaongeza kitu kimoja kizuri: mwaka huu mlango wa mninga, mwaka ujao picha kutoka Tunduru, mwaka wa tatu kinyago cha zidaka ya sebuleni. Vitu vinavyokuja hivyo vina hadithi, na watoto huikumbuka.

Nasi tukija kuwatembelea, hatutaudhika tukipokelewa sebule isiyo na makochi. Tutaomba tuonyeshwe chumba anacholala bibi. Tukikuta dirisha liko wazi, ukuta mkavu na jua limefika mpaka kitandani, tutajua tumeingia katika nyumba ya kifahari. Tunawatakia ujenzi mwema.